Mbozi Mission: Mahali Hapakuanza Mwaka 1899

Ukiuliza Mbozi Mission ilianza lini, jibu hupatikana upesi: mwaka 1899. Jibu hilo ni sahihi kwa kituo cha Wamoraviani. Kwa mahali penyewe si sahihi hata kidogo, kwa kuwa palikuwa na watu, mashamba, njia na majina kabla ya jiwe la kwanza la misheni kuwekwa. Naijadili tofauti ya majibu hayo mawili kwa sababu inawagusa wanaoishi hapo leo, hasa katika mambo matatu wasiyoweza kuyakwepa: ardhi, maji na mipaka.

Tutazame kwanza sura ya nchi. Mbozi Mission ipo katika nyanda za juu za Unyiha, baina ya bonde la Ziwa Rukwa upande wa kaskazini na milima ya Ileje upande wa kusini. Katika eneo hili iko mito miwili yenye jina moja la Songwe. Wa kaskazini, unaotenganisha Mbozi na Mbeya, humwaga maji yake Ziwa Rukwa, ziwa lisilo na mto wa kuyatoa. Wa kusini ndio mpaka wetu na Malawi. Huingia Ziwa Nyasa, na kutoka huko maji hufuata mto Shire hadi Zambezi na mwisho Bahari ya Hindi. Nyanda hizi basi ni kama paa la nyumba: mvua inayonyesha juu yake huteremka pande mbili, na matone yaliyoanguka jirani huenda yasikutane tena. Mkoa mzima umepewa jina la Songwe, lakini ni wanafunzi wangu wachache wanaojua kwamba jina hilo lina mito miwili.

Juu ya paa hilo Wanyiha walilima, waliwinda na walifua chuma. Waliyeyusha mawe ya chuma katika tanuri za udongo, wakatengeneza majembe, shoka na mikuki. Kazi hiyo haifanywi na watu wanaopita njia tu. Inadai kujua udongo upi una madini, mti upi unatoa mkaa mkali, chemchemi ipi haikauki kiangazi, na nani mwenye haki ya kuvitumia vyote hivyo. Huo ulikuwa utaratibu wa ardhi, ingawa haukuandikwa katika daftari la ofisi yoyote.

Daftari zilianza kuandikwa mbali. Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilitiliana saini mjini Berlin mkataba uliogawa nchi kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika. Mwaka 1898 tume ya mataifa hayo mawili ikaja kuweka alama za mpaka. Wanyamwanga wakajikuta wako pande zote mbili, na wako hivyo mpaka leo, Tunduma kwetu na Nakonde upande wa Zambia. Mwaka uliofuata Wamoraviani, waliokuwa wamekwisha kuanza kazi Rungwe mwaka 1891, wakafungua kituo cha Mbozi.

Sina nia ya kuukana mchango wa misheni. Shule, matibabu na Kinyiha cha maandishi vilipita katika mlango huo. Mmisionari Traugott Bachmann aliishi Mbozi miaka mingi, akajifunza lugha ya wenyeji, na kadiri alivyowasikiliza akabadili misimamo yake kuhusu mila kadhaa alizokuja akiwa tayari kuzipinga. Hilo pekee linatosha kutuonyesha kwamba palikuwa na walimu Unyiha kabla ya mwalimu aliyetoka Ulaya.

Vita vya Kwanza vya Dunia vikaleta somo jingine. Mwaka 1916 majeshi ya Waingereza yaliingia kutoka kusini, na wamisionari wa Kijerumani wakaondolewa vituoni mwao katika nyanda hizi. Mwishoni mwa mwaka 1918 jeshi la Lettow-Vorbeck likapita huku, likavuka mpaka na kuishambulia Fife mwanzoni mwa Novemba, kabla ya kusalimu amri Abercorn tarehe 25 ya mwezi huo. Vitabu vya vita hutaja majenerali. Waliobeba mizigo na walionyang'anywa chakula mara nyingi hawatajwi kwa majina.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa kimondo. Katika mteremko wa kilima cha Marengi, kijijini Ndolezi, lipo pande la chuma lenye urefu wa mita 3 hivi na uzito unaokadiriwa kuwa tani 16. Asilimia 90 yake ni chuma, na karibu 9 ni nikeli. Maandishi mengi husema kiligunduliwa Oktoba 1930 na mpimaji ardhi aitwaye W. H. Nott. Kiligunduliwa na nani, kwa ajili ya nani? Wenyeji walikifahamu kabla yake, wakakiita kimondo. Wafua chuma wa Unyiha wangewezaje kuishi jirani na chuma kikubwa kiasi hicho wasikione? Alichofanya Nott ni kukiingiza katika maandishi ya watu wengine. Ni kazi yenye thamani, lakini tuiite kwa jina lake.

Baada ya uhuru, barabara kuu ya Zambia na reli ya TAZARA, iliyokamilika katikati ya miaka ya 1970, zilivuta biashara na ofisi kuelekea Vwawa na Tunduma. Mwaka 2012 Momba ikamegwa kutoka Mbozi. Mwaka 2016 Mkoa wa Songwe ukamegwa kutoka Mbeya, makao makuu yakawa Vwawa. Mtu aliyelala Mbeya akaamka Songwe bila kuhamisha hata kinu chake. Mipaka ya kiserikali hubadilika, na ina sababu zake. Kwa hiyo kumbukumbu ya kijiji haiwezi kutegemea mipaka hiyo peke yake.

Hapa ndipo historia inapokuwa suala la haki. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inatambua umiliki wa kimila. Vijiji viwili vinapogombania bonde, swali haliepukiki: mlikuwa hapa tangu lini, na kwa ushahidi gani? Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na vyanzo vya maji. Ili kuilinda chemchemi, lazima kwanza ijulikane ilipo na iitwavyo. Katika wilaya inayotegemea kahawa, zao linalohitaji maji kwa kuoshwa, hilo si jambo la kupuuza. Kijiji ambacho historia yake ya maandishi inaanzia 1899 kimejinyima ushahidi wake wenyewe.

Wanafunzi wa Songwe, mkirudi likizo rekodini majina ya Kinyiha ya vijito, vilima na mahali palipokuwa na tanuri, mkiwa na wazee wanaoweza kuwaonyesha kwa kidole. Wanaharakati, pelekeni orodha hizo katika mikutano ya mipango ya matumizi ya ardhi kabla ramani haijapigwa muhuri. Nanyi watendaji wa vijiji na kata, mnapoandaa taarifa yenye kipengele cha mwaka wa kuanzishwa, andikeni mistari miwili: mmoja wa mwaka taasisi ilipofika, mwingine wa yale yanayojulikana kuhusu watu waliokuwapo. Mstari wa pili utawachukua siku kadhaa za kuuliza. Anzeni na wazee wenye umri mkubwa zaidi.