Homa Bay na Migori: Nchi ya Jua Kali na Ngurumo

Msafiri atokaye mjini Kisii, akateremka mpaka Rongo, kisha akaishika njia ya kulia iendayo Homa Bay, hupita nchi mbili katika muda wa saa chache. Kule atokako migomba hushikana majani na hewa ni ya baridi hata adhuhuri. Huku aendako miti hupungua kimo, udongo hugeuka kuwa mweusi wenye nyufa, na upepo unaoingia dirishani mwa gari huwa kama pumzi ya tanuri. Katika safari hiyo ameshuka zaidi ya mita 500, na sasa mbele yake uko mlima Asego wenye umbo la pia iliyopinduliwa, na chini yake mji wa Homa Bay, na ng'ambo ya mji maji ya Ghuba ya Winam yaking'aa kama bati jipya.

Nchi hii yote, toka Kendu Bay hata mpaka wa Tanzania kule Isebania, zamani iliitwa Nyanza ya Kusini. Tangu mwaka 2013 inatawaliwa kwa kaunti mbili, Homa Bay na Migori. Wakazi wake walio wengi ni Wajaluo. Wasuba wako visiwani Rusinga na Mfangano na katika milima ya Gwassi, na Wakuria wako upande wa mpakani. Kazi zao ni kulima, kufuga, kuvua samaki, na katika sehemu za Migori kuchimba dhahabu. Kazi hizo nne ni tofauti, lakini kila moja hutazama mbinguni ipate kujua siku yake itakuwaje.

Miezi ya Januari na Februari ndiyo miezi ya kiangazi, ambacho Wajaluo hukiita oro. Wakati huo joto la mchana kandokando ya ziwa hupita digrii 30 za Selsiasi siku baada ya siku. Mahali panapojulikana zaidi kwa ukavu huo ni bonde la Lambwe, lililo kati ya genge la Kanyamwa na milima ya Gwassi. Milima hiyo, pamoja na ile ya Gembe, ni mabaki ya volkano kubwa iliyokufa zamani sana, na vilele vyake vingine hupita mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Bondeni iko Hifadhi ya Taifa ya Ruma, nayo ndiyo makazi ya mwisho ya korongo, yule mnyama mwenye pembe zilizopinda nyuma, katika Kenya nzima. Nyasi za Ruma mwezi wa Februari huwa za rangi ya manyoya ya simba, na cheche moja yaweza kuteketeza kilima kizima.

Mgeni aonapo ukavu huo hushangaa kwamba ng'ambo ya kilima kimoja tu liko ziwa kubwa kuliko yote katika Afrika, lenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,000. Huuliza, maji yote haya yana kazi gani, ikiwa nchi iliyo kando yake hulia kiu? Jibu ni kwamba ziwa hili, ambalo Wajaluo huliita Nam Lolwe, huvuta na kutoa pumzi kama mtu, na mwenye kuujua mwendo wa pumzi hiyo ameijua nusu ya hali ya hewa ya nchi hii.

Mchana jua huichoma nchi kavu upesi kuliko maji. Hewa ya nchi kavu hupata moto, hupanda juu, na hewa ya ziwani iliyo baridi kidogo huja kushika mahali pake. Huo ndio upepo wa ziwani, ambao huanza kuvuma kabla ya adhuhuri na kuwaburudisha watu wa Mbita na Sindo. Lakini upepo huo haunyeshi mvua ufuoni. Hupita juu ya Lambwe na Karachuonyo ukiwa umebeba mvuke, na huendelea mpaka ukutane na pepo za mashariki juu ya nchi ya Kisii, Kericho na Nandi. Hapo hewa haina njia ila kupanda, na ikipanda hujenga wingu refu kama mnara, ambalo kichwa chake chaweza kufika kilomita 15 angani. Ndiyo sababu huko juu ngurumo husikika karibu kila alasiri wakati wa mvua, na ndiyo sababu wenye mashamba ya chai ya Kericho husumbuliwa na mvua ya mawe kuliko wakulima wa sehemu nyingi za dunia.

Basi, sehemu za ufuoni hupata mvua kidogo, na pengine haifiki milimita 1,000 kwa mwaka, hali wakulima wa miwa wa Awendo na Rongo, walio juu kidogo, hupata mvua nyingi zaidi. Hata hivyo watu wa chini hawakosi radi. Ifikapo jioni, pepo za mashariki husukuma mawingu yale kurudi ziwani. Mtu akaaye Homa Bay huona upande wa Kisii umekuwa mweusi, kisha vumbi huinuka, mabati hugongana, na kabla chakula cha jioni hakijaiva mvua nzito imekwisha kupiga na kupita.

Mwisho wa Februari na mwanzo wa Machi ndio wakati mgumu. Jua hukaribia utosini, kwa maana karibu na tarehe 21 Machi husimama juu ya mstari wa Ikweta, na nchi hii iko kusini kidogo tu ya mstari huo. Joto huzidi, usiku hauna nafuu, na mawingu ya kwanza huanza kujikusanya. Mvua za kwanza za radi hunyesha kwa ghadhabu, lakini si lazima ziwe ndizo mvua za chwiri, yaani masika. Shamba moja laweza kulowa hata jembe likazama, na shamba la jirani lisipate hata tone. Mkulima aliyepanda mahindi yake yote siku ile huweza kuyaona yakichipua vizuri, kisha yakanyauka katika majuma mawili ya jua, naye asiwe na mbegu ya kurudia. Na yule aliyengoja sana huweza kukuta masika yamefika kweli na kupita, na mahindi yake hayajabeba. Ndiyo maana wazee wa ufuoni hawakuweka tumaini lao lote katika mmea mmoja; mtama na mihogo hustahimili pale mahindi yashindwapo, na mwenye kugawa shamba lake hupunguza majuto.

Iko pia hatari ambayo mawingu ya mahali hapo hayaionyeshi. Mto Kuja, ambao juu kule huitwa Gucha, huanzia katika milima ya Kisii, hupokea mto Migori, kisha hupita nchi tambarare ya Nyatike kabla ya kuingia ziwani. Mvua ikinyesha Kisii alasiri, maji yake huweza kuwafikia watu wa Nyatike chini ya mbingu iliyo safi yenye nyota. Wameamka mara nyingi na kukuta mto uko mlangoni. Wachimbaji wa dhahabu nao yawapasa wakumbuke kwamba shimo lililokaa kavu miezi mitatu huweza kubomoka kwa mvua ya saa moja.

Usiku pumzi ya ziwa hugeuka. Nchi kavu hupoa, lakini maji hukaa na joto lake la digrii 25 hivi. Hewa baridi hushuka toka milimani pande zote, za Kenya, za Uganda na za Tanzania, na kukutana juu ya maji yenye vuguvugu. Hapo tena hewa hupanda, na mawingu ya radi hujengwa katikati ya ziwa tangu usiku wa manane hata alfajiri. Kwa sababu pepo za mashariki huyasukuma, watu wa Uganda huyapokea asubuhi. Na ndiyo nchi ya jirani zetu hao ambayo ina mji wa Tororo, unaotajwa tangu zamani katika vitabu vya hali ya hewa kwa wingi wa siku zake za ngurumo.

Sasa msomaji atazame saa za mvuvi. Samaki wa omena hufuata mwanga, nao huvuliwa katika usiku usio na mbalamwezi, kwa taa zilizoelezwa majini. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni za nguvu za jua. Usiku wa giza, mtu aliyesimama Mbita huona taa hizo zimetapakaa majini kama mji. Kwa hiyo saa zile zile ambazo ziwa hujenga radi zake, ndizo ambazo mvuvi wa Muhuru, wa Sori au wa Mfangano hana budi kuwa mbali na nchi kavu. Hawezi kubadili saa zake, kwa kuwa samaki hawabadili zao. Mashua zake ni za mbao, hazina sitaha wala mlingoti wa kukinga radi, na upepo utokao chini ya wingu la ngurumo huja ghafula na kuinua mawimbi katika dakika chache. Makadirio yatajwayo mara kwa mara ni kwamba watu elfu tatu hata elfu tano hufa kila mwaka katika ziwa hili lote. Kila mmoja wao alikuwa na nyumba ambamo mtu alikesha.

Kwa sababu hiyo, mwaka 2017 Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilianza mradi pamoja na nchi zilizo kando ya ziwa, ili wavuvi wapate habari za upepo, mawimbi na radi kabla ya kung'oa nanga. Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya hutoa habari hizo, nazo husomwa katika redio, tena kwa Kijaluo, na hupelekwa kwa simu kwa kamati za ufuo. Habari hizo haziwezi kusema radi itapiga mtumbwi gani, lakini zaweza kusema usiku gani si wa kwenda mbali. Na jaketi ya kuelea, hata ikionekana ni mzigo na gharama, haina bei siku mashua ipinduliwapo.

Watu wa zamani hawakukosa maelezo ya mambo haya. Karibu na Kendu Bay liko ziwa dogo la magadi liitwalo Simbi Nyaima, la rangi ya kijani, ambamo heroe hutua. Yasimuliwa kwamba hapo palikuwa na kijiji. Ajuza mmoja mwenye njaa alifika usiku watu wakila na kunywa, wakamfukuza, ila mwanamke mmoja aliyemhurumia. Ajuza akamwambia mwanamke yule aondoke na watu wake; kisha mvua ikashuka, na kijiji kikazama chote. Wataalamu husema ziwa hilo ni tundu la volkano. Lakini hadithi ina hekima yake pia, kwa kuwa imekumbusha vizazi vingi kwamba mvua haina mkubwa, na kwamba aliyeonywa akasikia ndiye aliyepona.

Elimu nyingine za wazee zina manufaa hata leo. Kwa jirani zao wa Bunyore, ukoo wa Nganyi, ambao kwa vizazi vingi wametabiri mvua kwa kuangalia miti, wadudu na pepo, wamekaa pamoja na wataalamu wa Idara ya Hali ya Hewa kulinganisha walivyoona. Lakini yako mengine yafaa yaachwe. Wengi husadiki kwamba radi hufuata nguo nyekundu au kioo, au kwamba hutumwa na adui. Dhana ya mwisho ni mbaya kuliko zote, maana huongeza msiba juu ya msiba, jirani asiye na kosa akashutumiwa kwa tendo la wingu.

Radi hutafuta kilicho kirefu na kilicho peke yake: mti katikati ya malisho, mvuvi katikati ya maji, mchungaji juu ya kilima. Ng'ombe waliokusanyika chini ya mti hufa pamoja, kwa sababu umeme hupita ardhini pia. Nyumba zisizo na waya wa kuupeleka umeme ardhini zina hatari yake. Katika mwezi wa Juni mwaka 2011, huko Kiryandongo nchini Uganda, radi iliua wanafunzi 18 na mwalimu wao katika shule moja. Na Machi 2018 watu 16 walikufa kanisani katika wilaya ya Nyaruguru, Rwanda.

Tahadhari zake si ghali. Umeme uonekanapo, mtu na ahesabu mpaka asikie ngurumo. Kila sekunde tatu ni kilomita moja hivi. Ikiwa hazifiki sekunde 30, radi iko karibu, na yapasa kuacha jembe, kutoka majini, kuondoka chini ya mti, na kuingia katika nyumba imara au gari lililofungwa. Asitoke mpaka nusu saa ipite tangu ngurumo ya mwisho. Na aliyepigwa na radi hana umeme mwilini. Aguswe bila hofu, na ikiwa hapumui asaidiwe kupumua na moyo wake usukumwe mara moja, kwa kuwa wengi hupona wakipata msaada upesi.

Ziwa lenyewe nalo huweka hesabu ya mvua hizi zote. Baada ya mvua kubwa za miaka ya 1961 na 1962 maji yalipanda hata yakafikia kilele mwaka 1964. Wazee walidhani hawataona tena jambo kama lile, lakini Mei 2020 maji yalifika kimo hicho na kukipita kidogo, na mwaka 2024 yakapanda zaidi, yakifunika mashamba, nyumba na magati ya ufuoni.

Dalili ya mvua ni mawingu, ndivyo wasemavyo Waswahili. Katika nchi ya Homa Bay na Migori yafaa kuuliza zaidi: wingu hili ni la saa ngapi, na limetoka upande gani? La alasiri toka Kisii humwita mkulima aandae mbegu zake, na mchungaji arudishe ng'ombe. La usiku lililo juu ya maji humwambia mvuvi asubiri. Taa zake zitawaka kesho, na omena watakuwapo bado.