Kimbo Chini ya Kitanda

Mwezi wa nne mwaka 1983, nikiwa darasa la tatu, nilisema jambo la kweli mbele ya mgeni, na papo hapo mama akatangaza kwamba nina homa.

Tulikuwa tukikaa Ngamiani, Tanga. Mafuta ya kupikia yalishakuwa hadithi, sukari ni ya foleni, na mche wa sabuni ukiupata unaukata kwa uzi vipande vipande, kila kipande na juma lake. Mpaka na Kenya ulikuwa umefungwa tangu 1977. Lakini bahari haina komeo, na mjomba, aliyekuwa na jamaa zake Vanga, ng'ambo ya mpaka, alikuwa akitokea usiku na kikapu ambacho hakuna aliyeuliza kimepitia wapi. Safari hiyo kilikuwa na makopo mawili ya Kimbo. Mama aliyasukumia chini ya kitanda, nyuma ya sanduku la nguo, akaishusha shuka mpaka ikagusa sakafu.

Wakati wenyewe ulikuwa mbaya. Waziri Mkuu Edward Sokoine alikuwa ameanzisha msako wa wahujumu uchumi, na kina mama wa mtaani walisimuliana kwa sauti ya chini habari za watu waliotupa majora ya vitambaa vichakani usiku ili wasikutwe nayo. Makopo mawili ya Kimbo hayamfanyi mtu mlanguzi, lakini nani alitaka kwenda kuitetea hoja hiyo kituoni?

Jumapili moja, mjumbe wetu wa nyumba kumi akapiga hodi wakati wa chai. Akakaribishwa mkekani. Akachukua chapati, akaivuta, ikaachana kwa matabaka kama inavyotakiwa, mvuke ukatoka.

"Shemeji," akamwambia mama, "chapati laini namna hii! Mafuta mnayapata wapi siku hizi?"

Pengine alikuwa anasifu tu. Mimi nilisikia swali, na jibu nilikuwa nalo.

"Kaleta mjomba! Kimbo! Makopo mawili, yako chini ya kitanda!"

Mama hakunitazama. Alinyoosha mkono taratibu, akaniwekea kiganja kwenye paji la uso, akatikisa kichwa.

"Huyu tangu jana homa inampanda. Anaropoka tu."

Nikalazwa. Joto la Tanga mnalijua. Nikafunikwa blanketi mpaka kidevuni, nikaletewa klorokwini na maji, nikaimeza mjumbe akiwa ananitazama mlangoni na kunipa pole. Waliowahi kumeza dawa ile wanakumbuka uchungu wake, na wengine wanakumbuka mwasho. Mimi niliwashwa usiku kucha, viganjani na nyayoni, kwa homa ambayo sikuwa nayo.

Miaka sita baadaye, kidato cha pili, mwalimu wetu wa Kiingereza alitugawia kila mmoja neno moja la kwenda kulitafuta kwenye kamusi na kulitungia sentensi. Kamusi ilikuwa moja, ya Hornby, imefungwa jalada la gunia kwa sababu la kwake lilishang'oka. Neno langu lilikuwa "blurt". Nilisoma maelezo yake nikajiona mimi mwenyewe mkekani: kutoa jambo ghafla, mara nyingi siri, kabla ya kufikiri. Nikasema moyoni, ahaa, kuropoka. Nikaandika kwa Kiingereza sentensi yenye maana kwamba mama alisema nime-"blurt" kwa sababu ya homa.

Mwalimu aliipiga mstari mwekundu, akaniita mbele.

"Ume-'blurt' nini?"

Nikanyamaza. Akafungua kamusi, akanionyesha alama ndogo zilizofuata neno, zile zilizoanza na VP ambazo sote tulikuwa tukiziruka. Kazi yake ilikuwa kueleza kitenzi kinataka kukaa na nani katika sentensi. Hiki, akasema, hakikai peke yake. Mtu ha-"blurt" hivi hivi. Lazima kuwe na kitu kilichotoka, na mara nyingi nyuma yake utakuta "out". Siri yenyewe unaweza kuiweka kabla ya "out" au baada yake, lakini ukiiita "it" basi lazima ikae katikati: "blurt it out". Alitutamkisha darasa zima mara tatu. Kisha akaachama kidogo, akafumba midomo, akaipasua kwa pumzi, "blrrt!", mate yakaruka, tukacheka. "Sikieni," akasema, "neno lenyewe linatoka kama linavyosema."

Utani ule ulikuwa karibu na ukweli kuliko nilivyodhani. Nilipofika chuo kikuu nilikuta kwamba Waingereza wa enzi za Shakespeare walikuwa na "blurt" nyingine: pumzi ya midomo ya kumdharau mtu, jirani kabisa na msonyo wetu. Kuna hata mchezo wa kuigiza uliochapwa London mwaka 1602, "Blurt, Master Constable", ambao konstebo wake ndiye mwenye jina hilo. Shangazi zangu, ambao mtu akipita hawampendi wanafyonza mpaka kuku wanageuka, wangeielewa maana hiyo bila kamusi.

Lakini lile swali la mwalimu, nini, ndilo lililoendelea kunisumbua. Kwa Kiswahili hakuna anayeuliza. Ukisema fulani karopoka umemaliza. Alichosema hakina haja ya kutajwa, kwa sababu neno lenyewe limeshakipeleka jaani. Anayeropoka amesema ovyo, na ovyo haina yaliyomo. Ndiyo maana siku ile mama hakuchagua neno jingine. Angesema nimetoa siri, tungekuwa tumekwisha. Alisema naropoka, na makopo mawili ya Kimbo yakageuka maruweruwe ya mtoto mgonjwa. Kwa Kiingereza asingepata pa kujificha. Anayesema mtoto ka-"blurt it out" amekiri tayari kwamba hiyo "it" ipo, na mgeni anachohitaji ni kuinama tu atazame uvunguni.

Hili nililijua kwa akili muda mrefu kabla ya kulipia gharama yake. Nilikuwa nimeshaanza kazi ya kutafsiri, na ofisi moja ya mawakili ikanipa mwenendo wa kesi ya kiwanja ili niutie Kiswahili, mteja wao aweze kujisomea. Wanaojua mahakama zetu za miaka ile wanaijua njia yake: shahidi anasema Kiswahili, hakimu anaandika Kiingereza, kisha atafutwe mtu kama mimi ayarudishe maneno nyumbani kwao yakiwa yamechoka. Shahidi alieleza kwamba siku ya ugomvi mdaiwa alipandwa na hasira, na hapo hakimu akawa ameandika "blurted out", kwamba kiwanja si chake. Nikaandika: akaropoka kwamba kiwanja si chake.

Wakili alinipigia simu jioni. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniuma. "Ndugu yangu, hapo ndipo kesi yetu ilipolala," akasema. "Yule bwana alisema kweli, ilimtoka. Wewe umemfanya mlevi."

Nilikaa na mstari ule mpaka taa za jirani zikazimwa. Alipayuka? Hapana, huko ni kupiga kelele. Alibwabwaja? Mbaya zaidi. Alifichua? Mtu anayefichua amekusudia. Kumbe wakili alishanipa jibu kwenye simu na sikulisikia. Ilimtoka. Neno likamtoka, au, kama unataka kuona mkono uliokuwa umelishika, likamponyoka. Mwingereza anamweka mtu mbele na neno nyuma, mtu analirusha. Sisi tunalitanguliza neno, nalo ndilo linalofanya kazi; mtu amebaki kuwa mlango tu. Nikaandika: maneno yakamponyoka kwamba kiwanja si chake. Wakili akaridhika. Mpaka leo kila nikikutana na kitenzi kile najiuliza kwanza kama kilichosemwa ni kweli. Kikiwa upuuzi, namwachia msemaji aropoke.

Mwaka uliopita nilimsimulia mama habari ya wakili na kiwanja. Sasa macho yake hayaoni vizuri, lakini kumbukumbu hajaazima kwa mtu. Alicheka mpaka akajifuta kwa upindo wa kanga. Nikapata nafasi ya kuuliza nililotaka kuuliza tangu utotoni: yule mjumbe aliamini kweli kwamba nina homa?

"Kesho yake alikuja kukujulia hali," akasema.

Nikamwambia sikumbuki kumwona.

"Utamwonaje? Ulikuwa shule." Akatafuta kikombe chake cha chai kwa kupapasa, nikakisogeza. "Alikuja na kibakuli. Kitupu."