Nilihesabu Dakika

Nilipokuwa nikifundisha kikundi cha maigizo, kila alipokuja kijana asiye na sura ya steringi nilimtolea mfano wa Pete Postlethwaite. Mwingereza wa Warrington, mashavu yamechongoka kama yametiwa tezo. Jamaa anaijua kazi, nilisema, lakini tazameni, kaishia kupewa vipande. Kijana mmoja nilimwambia hivyo ana kwa ana, tena nikicheka. Hakurudi mazoezini.

Nilikosea, na chanzo ni uvivu. Wakati ule nilikuwa nimemwona katika filamu mbili tu: The Lost World ya 1997, akiwa mwindaji wa dinosaria, na The Constant Gardener ya 2005, iliyopigwa kwa sehemu kubwa Kenya. Katika hiyo ya pili anatokea mwishoni, daktari aliyejificha Sudan, anatibu watu huku dhamiri ikimtafuna kwa dawa iliyoua wagonjwa. Nilihesabu dakika zake, nikaziona chache, nikatoa hukumu. Sikujiuliza kwa nini hadithi nzima ilikuwa ikimtafuta mtu huyo.

Kilichoniumbua ni In the Name of the Father ya 1993. Humo ni Giuseppe Conlon, baba aliyefungwa bila hatia pamoja na mwanawe. Mwana ni Daniel Day-Lewis, ambaye kwa umri amepitwa na huyo “baba” miaka 11 tu. Nami niliamini kabisa ni mtu na mzazi wake! Day-Lewis anafoka, anahangaika; Postlethwaite anakohoa, anashusha sauti, na jicho langu likawa linamfuata yeye. Wote wawili waliteuliwa kuwania Oscar.

Baada ya hapo nilimtafuta kwa makusudi. Brassed Off ya 1996: kiongozi wa bendi ya tarumbeta katika mji ambao mgodi wake wa makaa unafungwa, mapafu yake yameshaharibika, bado anadai muziki upigwe sawasawa. Mwaka huohuo ni padri katika Romeo + Juliet. Uso ni uleule, hajabandikwa pua ya bandia, lakini mtu ni mwingine.

Steven Spielberg, aliyemwongoza katika filamu mbili, aliwahi kumwita mwigizaji bora duniani. Mwenyewe aligeuza sifa hiyo mzaha: eti Spielberg alichosema hasa ni kwamba Pete anadhani yeye ndiye bora duniani.

Jukwaa ndilo nililolisahau kabisa, mimi mwalimu wa jukwaa. Mtu huyu alikomaa katika ukumbi wa Everyman, Liverpool, na 2008, akiwa na miaka 62, alirudi hapo kucheza King Lear. Alifariki Januari 2011. Nani angeita Lear kipande?

Yule kijana siku hizi ana duka la vifaa vya umeme. Tunasalimiana. Mfano ule nimeacha kuutoa, ila yeye sijamwomba radhi. Kila nikipita nanunua balbu, naondoka.