Gada

Kwa Kikorea, mamako akikuita kutoka jikoni, usijibu "nakuja". Sema "gayo": naenda. Gada hupimwa kutoka pale umesimama. Ukitoka hapo unaenda tu, hata kama ni kwake aliyekuita. Kuja, oda, ni kwa anayesogea ulipo.

Sisi huku Nairobi husema "nakuja" tukiwa tushashika mlango, tunatoka. Baba alisema hivyo hivyo jioni moja nikiwa darasa la tatu. Hadi leo.

Mkorea akitoka nyumbani anaweza kusema "gatda olgeyo": naenda, halafu nitakuja. Vitenzi viwili, hakuna kubahatisha. Nimemfundisha dadangu mdogo. Akitumwa dukani huipiga kelele ngazini, na mama, bila kuuliza maana, humjibu, "Haya."