Mninga wa Baba Yake

Mwenzenu niliyeolewa huku Arusha, Olasiti, siku hizi nazijua mbao kuliko vitenge!

Mwanangu ana miaka 11, na mpira wa meza umemteka. Raketi yake ilivunjika, zikabaki raba tu. Akaniletea kipande cha mninga alichoacha marehemu baba yake. "Mama, nataka kibao cha mbao hii." Ningekataaje? Nikampelekea fundi seremala.

Kilitoka kizuri, chekundu, kinang'aa. Nikakiweka kwenye mzani wa jikoni: gramu 120, bado raba. Vibao vingi vya dukani ni gramu 85 hadi 90. Wiki ya pili nikamkuta mtoto anajikanda kiwiko kimyakimya. Aliona kukilalamikia kibao ni kumlalamikia baba yake.

Nikarudi kwa fundi. "Mama, mninga ni wa vitanda na milango. Hapa inatakiwa mbao nyepesi, kavu, isiyo na vifundo." Akanitolea saipresi, miti inayopandwa hapa Meru. Kumbe Wajapani hutengeneza vibao kwa mti wao wa hinoki, ambao ni wa ukoo mmoja na saipresi! Na kanuni za mchezo haziweki uzito. Zinataka angalau asilimia 85 ya unene wa kibao iwe mbao asilia.

Nikachagua kama fundi cherehani anavyochagua kitambaa. Nilitazama uzi wa mbao: uwe umenyooka na ufuate mpini, maana ukikata kinyume kibao huvunjika shingoni. Kisha nikagonga kwa kidole. Mbao kavu hulia, mbichi hunyamaza, na mbichi hupinda baadaye.

Kuhusu mninga, nilimuuliza mwenyewe. Akafikiri sana, akasema, "Uwe mpini." Fundi akapasua kile kibao cha kwanza, akatoa vipande viwili vyembamba na kuvigandisha mpinini, huku na huku. Kibao kizima sasa ni gramu 88. Kiwiko hakiumi tena, na kila anapocheza, kiganja chake kiko kwenye mbao ya baba yake.

Dada zangu, tunapowatunzia watoto kumbukumbu za wazazi wao waliotangulia, tuangalie uzito wake. Tuwape kiasi wanachoweza kukishika, kilichobaki tukibebe sisi kwa dua. Mwenyezi Mungu awarehemu marehemu wetu. Amin.