Bidoni Saba za Jumamosi



Wiki iliyopita, baada ya mkutano, wengine kati yenu walituuliza tunafanyaje gari letu ling'ae wakati njia ya kartie yetu ni tope tupu tangu mvua za Septemba zianze. Tuliahidi kuandika. Lakini hatuwezi kueleza habari ya ndoo na vitambaa bila kueleza kwanza habari ya daftari, maana yote yalianzia hapo, na sehemu hiyo haitupendezi sana kuisema.

Gari tulilinunua miaka minne iliyopita. Ni Toyota ya zamani iliyotoka Japani, usukani upande wa kuume kama mengi ya hapa Bukavu. Sehemu ya pesa ilitoka kwenye likelemba ya walimu, sehemu ilitoka kwa baba watoto, na deni lililobaki tulilimaliza pole pole. Mshahara wa mwalimu mnaujua. Kwa hiyo gari lilipaswa kufanya kazi, na kazi yake nzuri ni harusi. Jumamosi linakodiwa kubeba jamaa ya bibi arusi, linafungwa maua na riboni, watu wanapiga picha mbele yake. Gari la harusi lenye tope mlangoni haliitwi mara ya pili.

Basi kila Ijumaa jioni na Jumamosi alfajiri tulikuwa tunaosha. Tukisema "tulikuwa tunaosha", maana yake baba watoto alishika sponji, na maji yaliletwa na binti yetu mkubwa. Bomba la nyumbani linatoa maji siku chache tu katika juma, mara nyingi usiku. Siku nyingine tunachota kwenye bomba la bondeni. Milima yetu mnaijua. Bidoni ya lita 20 ni kilo 20 mgongoni, kamba kwenye paji la uso, na njia inateleza.

Mwaka ule binti alikuwa mwaka wa sita wa shule ya msingi, anajitayarisha kwa mtihani wa taifa. Jumapili moja tulikuwa tunapitia daftari lake la hesabu. Hiyo ndiyo kazi tuliyosomea kule ISP, hatuwezi kuona daftari mezani bila kulifungua. Kwenye ukurasa wa mwisho alikuwa ameandika hesabu ambayo hakuna mwalimu aliyempa: Jumamosi 1, bidoni 7. Mwezi, Jumamosi 4, bidoni 28. Lita 560. Chini yake ameandika idadi ya safari, na chini ya safari, saa. Hakuna neno lolote la kulalamika. Hesabu ilikuwa sahihi, na mistari aliipiga kwa rula.

Darasani, tukiona mtoto wa kike anasinzia siku ya Jumatatu, tunamwita mama yake na kumuuliza mtoto anafanya kazi gani nyumbani. Tumeuliza hivyo mara nyingi, kwa ile sauti yetu ya mwalimu. Jumapili ile hakukuwa na mama wa kumwita.

Baba watoto alipoonyeshwa ukurasa ule aliuliza, "Ni saba kweli?" Alidhani ni tatu, au nne. Hakuwa mtu mbaya, ila yeye alikuwa anakuta tu bidoni zimejaa kando ya ukuta.

Jambo la kwanza tulilojaribu lilikuwa kupeleka gari kwa vijana wanaoosha kando ya maji. Lilirudi safi, lakini tulipoliangalia kwenye jua tuliona mikwaruzo myembamba ya duara kwenye milango yote. Walitumia kitambaa kimoja kuanzia magurudumu hadi paa, pamoja na sabuni ya unga ya kufulia. Mchanga wa gurudumu ukipita juu ya rangi ni sawa na kusugua sufuria. Na sabuni ile inaondoa nta, rangi inabaki kavu, tope linashika zaidi juma linalofuata. Tusiwaseme sana, maana sisi wenyewe tulikuwa tunafanya hivyo hivyo.

Kisha Ijumaa moja tulipima. Tuliosha kama kawaida, tukahesabu kila ndoo imekwenda wapi. Katika bidoni 7, bidoni 4 ziliisha kabla hata sabuni haijagusa gari. Zilikuwa za kumwagia tope. Ukirusha maji kwa ndoo yanapiga mlango na kukimbia chini, tope lenyewe linalowa juu tu. Kuosha kwenyewe hakukuwa kunakula maji mengi. Hapo tulijua pa kuanzia.

Tulinunua pompa ya mgongoni ya lita 16, ile wakulima wanayonyunyizia dawa shambani. Tafadhali nunueni mpya, isiyowahi kutiwa dawa. Inarusha maji membamba kama ukungu. Tunanyunyiza gari lote kuanzia paa, tunaliacha dakika tano, tunanyunyiza tena pale penye tope zito. Udongo wetu mwekundu ni mfinyanzi, ukipewa muda unalainika na kuteremka wenyewe. Usiuguse kwa mkono wala kitambaa wakati huo. Nusu ya pompa inatosha, nusu nyingine tunaitunza kwa kusuuza mwishoni.

Halafu ndoo mbili za lita 10. Moja ina shampuu ya gari, kifuniko kimoja tu, nyingine ina maji matupu. Kitambaa kinatoka kwenye sabuni, kinapita sehemu moja ya gari, kinasuuzwa kwenye maji matupu, ndipo kinarudi kwenye sabuni. Chini ya ndoo ya kusuuzia tumelaza chungio la plastiki lililovunjika mkono, tumeligeuza juu chini, ili mchanga ukae chini yake usirudi kwenye kitambaa. Mkimaliza angalieni ndani ya ndoo hiyo: yote mnayoyaona yangekuwa juu ya rangi. Tunaanza na paa, vioo, boneti, kisha milango, na sehemu ya chini ya milango mwisho kabisa. Magurudumu yana burashi yao na kitambaa chao, na vitu hivyo havikutani na vingine hata kwenye kamba ya kuanikia.

Pompa moja, ndoo mbili, jumla lita 36. Hazifiki bidoni 2. Juma la mvua kubwa tunafika 3, hatuwezi kuwadanganya.

Kukausha msikuache, hasa kama jua linachomoza. Tuna vitambaa viwili vya mikrofiba, tunavikunja mara nne na kugeuza upande kila mara. Vinafuliwa peke yao, bila ile dawa ya kulainisha nguo, kwani inaziba nyuzi zake na havinywi maji tena. Vioo tunamalizia kwa gazeti kuukuu na maji yenye siki kidogo. Ndani ya gari hatuna mashine ya kufyonza vumbi, na hata tungekuwa nayo, umeme ungekuja saa ngapi? Zulia za miguuni zinatolewa na kupigwa ukutani, na burashi ya kupakia rangi, laini, inatoa vumbi kwenye matundu ya hewa. Mara moja kwa juma mbili tunachokoa kwa kijiti vile vitundu vidogo vilivyo chini ya milango, maana tope likiviziba maji yanabaki ndani na kutu inaanza bila kuonekana. Nta tunapaka kila miezi mitatu hivi. Ni bei, lakini juu ya nta tope linateleza, na hapo ndipo maji yanapoponea.

Maji yenyewe sasa yanatoka juu. Tuliweka mfereji wa bati kwenye ukingo wa paa na pipa la lita 200 chini yake. Binti ndiye aliyefanya hesabu: milimeta 1 ya mvua juu ya meta mraba 1 ni lita 1, upande ule wa paa ni meta mraba 40, basi mvua ya milimeta 5 inatosha kulijaza pipa. Maji ya kwanza ya mvua tunayaacha yaende, yamebeba vumbi la paa. Yanayofuata ni mazuri kwa gari, hayaachi madoa meupe kwenye vioo.

Shida ilikuwa miezi ya kiangazi, Juni hadi Agosti, ambayo ni miezi ya harusi vilevile. Pipa tupu, na vumbi kila mahali, na vumbi huwezi kulipangusa likiwa kavu. Tulifikiri kununua bidoni. Lakini bidoni ya kununua nayo inapanda mlima mgongoni mwa mtu, na huyo mtu tunamfahamu, ni mama wa watoto tunaowafundisha. Tulibishana jambo hilo siku mbili. Asubuhi ya tatu baba watoto alitandika plastiki nyuma ya gari, akapakia bidoni tupu, akaliteremsha gari lenyewe hadi bombani, akapanga mstari kati ya wamama. Walimcheka sana siku ile. Mmoja alimuuliza kama amefiwa na mke. Sasa wanamtunzia nafasi, naye anawapandishia bidoni zao hadi kona ya shule.

Binti alifaulu, yuko sekondari. Maji ya kupikia bado anachota, kwa zamu na mdogo wake wa kiume, ambaye zamani Jumamosi ilikuwa yake ya mpira.

Jambo moja halijatushinda sisi tu, tunaamini na wengine: harufu ya zulia za gari zilizolowa viatu vya wageni wakati wa mvua. Tumejaribu majivu, tumejaribu mkaa kwenye mfuko, tumejaribu bikabonati usiku mzima. Mwenye kujua njia nyingine atuambie kabla ya Jumamosi ya tarehe 14, tuna harusi mbili.