Jembe na Mpira: Vijana Wetu Wakati wa Mapumziko

Timu ya kandanda haiwapotezi vijana wake uwanjani. Uwanjani hupoteza mchezo, na mchezo uliopotea wiki hii huweza kulipwa wiki ijayo. Vijana hupotea wakati hakuna anayewatazama, yaani kombe limekwisha kutolewa, jezi zimefuliwa na kufungiwa sandukuni, na majani yameanza kuota golini. Jambo hili tumelishuhudia kwa miaka mingi huku kwetu Ushetu, na twaona linastahili nafasi katika maandishi ya utamaduni wa taifa, kwani lahusu namna jamii inavyowalea watu wake.

Ushetu ni nchi ya wakulima. Ilikuwa sehemu ya Halmashauri ya Wilaya ya Kahama hadi ilipopata halmashauri yake mwaka 2012. Watu wake hulima tumbaku, pamba, mahindi na mpunga, nao huishi kwa kufuata mvua, ambayo huanza mwezi Novemba na kukoma Aprili au Mei. Kandanda ya vijijini nayo hufuata kalenda hiyo hiyo. Mavuno yakiisha kuingia ghalani, vijiji hualikana, mbuzi au ng'ombe huwekwa kuwa zawadi, na kuanzia Juni hadi Septemba hakuna Jumapili isiyo na mchezo. Ifikapo Oktoba kila kitu hunyamaza. Akiba ya chakula inapungua, mvua bado, na kijana wa miaka kumi na minane hana la kufanya ila kungoja.

Lakini dhahabu haingoji. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza kazi mwaka 2000, wa Bulyanhulu mwaka 2001, na wa Buzwagi, karibu na mji wa Kahama, ulizalisha tangu mwaka 2009 hadi 2021. Kando ya migodi hiyo yako machimbo ya wachimbaji wadogo yasiyohesabika. Ikivuma habari kwamba mahali fulani jiwe limetoa, watu humiminika huko usiku na mchana. Hiyo ndiyo iitwayo rashi. Kijana hahitaji cheti wala barua ya utambulisho. Huhitaji mikono miwili, tochi, na moyo wa kuingia shimoni.

Timu ya kijiji tuliyokuwa tukiilea ilikuwa na mlinda mlango mmoja ambaye hatujapata kuona mfano wake katika tarafa yetu. Alikuwa mrefu, mtulivu, na alijua mpira utakwenda wapi kabla ya mpigaji hajaamua. Tulikwisha zungumza na watu wa mjini ili waje kumtazama msimu utakaofuata. Msimu ulipofika, hakuwapo. Tulikwenda nyumbani kwao, tukamkuta mama yake anapepeta mahindi. Alitukaribisha kwa heshima, akatupa vigoda, kisha akatujibu bila kupandisha sauti: "Baba zangu, mpira wenu unamtunza mwanangu miezi minne. Hiyo minane mlitaka ale nini?" Hatukuwa na jibu. Winga wetu wa kushoto na walinzi wawili walikuwa wameondoka naye katika lori hilo hilo.

Tukiwa njiani kurudi, mwenzetu mmoja alisema vijana wa siku hizi hawana uzalendo wa kijiji chao. Wazee hupenda kusema hivyo, lakini maneno ya yule mama yalikuwa na uzito zaidi. Njaa haina msimu wa mapumziko.

Tena hasara yenyewe si ya magoli tu. Mwezi Oktoba 2015, katika machimbo ya Nyangarata, Kahama, ardhi iliwafukia wachimbaji. Watano walitolewa wakiwa hai mwezi Novemba, baada ya siku 41 gizani. Mwezi Januari 2024, wilayani Bariadi, mkoani Simiyu, watu 22 walikufa katika machimbo wakati wa mvua. Msomaji atazame miezi hiyo. Oktoba na Januari ndiyo miezi ambayo viwanja vyetu vimelala. Kijana anapotoka katika orodha ya timu kwa miezi hiyo, huenda asirudi katika orodha yoyote.

Yafaa tutofautishe kuondoka na kupotea. Mbwana Samatta aliondoka Simba mwaka 2011 akaenda TP Mazembe ya Lubumbashi. Mwaka 2016 akahamia Genk ya Ubelgiji, na Februari 2020 akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza, akiwa na Aston Villa. Huko ni kupanda ngazi, na taifa zima lilipanda naye. Katika ukanda wetu wenyewe, George Mpole wa Geita Gold aliongoza kwa mabao katika ligi kuu ya msimu wa 2021/22, akafunga mabao 17. Haukupita muda mrefu akahamia Lupopo ya Kongo. Timu yake iliumia, lakini hakuna aliyeuliza Mpole yuko wapi. Mchezaji wa namna hiyo ana mkataba, ana jina, na njia aliyopita yajulikana. Hata kanuni za kandanda ya dunia huagiza kwamba mchezaji anapouzwa nje ya nchi kabla ya mkataba wake kwisha, asilimia 5 ya fedha za uhamisho igawanywe kwa vilabu vilivyosajiliwa vilivyomlea tangu umri wa miaka 12 hadi 23. Lakini klabu isiyo na daftari la wachezaji wake itadai kwa ushahidi gani?

Timu kubwa za kanda hii nazo zimeonja uchungu wa kupanda na kushuka. Stand United, iliyozaliwa katika kituo cha mabasi cha Shinyanga, iliingia ligi kuu mwaka 2014 ikashuka mwaka 2019. Mwadui, timu ya mgodi wa almasi, iliingia mwaka 2015 ikashuka mwaka 2021. Geita Gold iliingia mwaka huo wa 2021, ikashuka mwaka 2024. Sababu za kila moja ni zake. Lakini timu kubwa hunywa maji ya vijito vidogo, na vijito hivyo ni timu za vijiji kama hivi vyetu. Kijito kikikauka kila Oktoba, mto utajaa kwa maji gani?

Hapa ndipo tunapopaswa kuwauliza wazee wetu. Usukumani na Unyamwezini, mashindano si jambo lililoletwa na mpira. Kabla ya kandanda vilikuwako vyama vya ngoma, na mashuhuri kati yao ni Bagika na Bagalu. Baada ya mavuno pande mbili hucheza wakati mmoja, kila upande na watu wake, na mshindi ni yule anayewavuta watazamaji wengi zaidi. Wachezaji hodari walitamaniwa kama wanavyotamaniwa washambuliaji leo. Basi vyama hivyo viliwashikaje vijana wao wakati ngoma zimetundikwa?

Viliwashika kwa jembe. Mvua ziliponyesha, vijana wale wale waliingia shambani pamoja, wakalima kwa mstari mmoja huku ngoma na nyimbo zikiwapa mwendo. Sisi tuliokuwa watoto miaka ya sabini tuliwaona. Walilima shamba la mwenzao aliyeugua, walilima shamba la tajiri kwa malipo, na malipo hayo yakawa mali ya chama. Bugobogobo, inayochezwa leo majukwaani na wanafunzi wanaorusha majembe juu na kuyadaka, asili yake ni kazi hiyo. Watazamaji hufurahia jembe linapozunguka hewani, na wengi hawajui kwamba jembe hilo ndilo lililokuwa likikilinda chama mpaka kiangazi kirudi. Kwa wazee wetu mapumziko ya ngoma yalikuwa msimu wa pili wa chama, nao ulikuwa na jasho, chakula na wimbo wake.

Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere alipoanzisha wizara ya utamaduni wa taifa, aliiweka pamoja na vijana: Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Twaona muungano huo ulikuwa na maana kubwa. Utamaduni usiokuwa na vijana ni makumbusho, na vijana wasiokuwa na utamaduni ni abiria wa lori lolote linalopita.

Baada ya yale maneno ya mama, timu yetu iliazimwa ekari tatu na mzee mmoja wa kijiji. Vijana walilima mahindi, na siku nyingine walikodishwa kwa palizi na wakulima wa tumbaku. Walifungua daftari, wakaandika jina la kila mchezaji, mwaka wa kuzaliwa na siku aliyojiunga. Hatutasema kwamba mambo yote yalinyooka. Mwaka wa kwanza wadudu walikula nusu ya mahindi, na vijana wawili waliondoka. Hata hivyo, Juni ilipofika waliosalia walikuwa wengi kuliko mwaka uliotangulia, na magunia yaliyopatikana yaligawanywa nyumba kwa nyumba. Mlinda mlango wetu bado yuko Geita. Nafasi yake imechukuliwa na mdogo wake, na safari hii mama yao alipata gunia lake.

Enyi walimu, mnapofunga sanduku la jezi mwisho wa mashindano, fungueni daftari. Jueni kila kijana anakwenda wapi, na nani atamwita kabla mvua hazijakwisha. Nanyi wanafunzi, siku mtakapocheza bugobogobo mbele ya wageni, kumbukeni kwamba jembe lile si pambo. Mtakapoirejea timu yenu, ulizaneni ninyi kwa ninyi: jembe letu li wapi?